Mario kwa kilobiti 64

Leo siandiki juu ya kazi wala juu ya masomo, hata kama wimbo ninaotaka kuupima unamzungumzia kijana mwenye diploma. Leo nataka tusikilize. Mwenye ekuteri karibu, aziweke tayari.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye matanga, komini ya Mangobo. Usiku ulikuwa umeenda sana, kahawa imekwisha, watu wanasinzia juu ya viti vya plastiki. Diji akachomeka flashi yake, akatupa "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ile ya mwaka 1985. Vichwa vyote vikainuka. Mnaujua wimbo huo: kijana amesoma, ana diploma, lakini amejilaza kwa mwanamke mkubwa mwenye pesa na hataki kuondoka. Franco anamkemea kama mjomba aliyechoka, Madilu System anaimba kwa uchungu. Sisi wenye lisansi bila kazi huwa tunaucheka wimbo huo kwa sauti ndogo, juu kila mmoja anaogopa jirani yake atamtazama.

Basi papa mmoja, mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashua za mtoni kati ya Kisangani na Kinshasa, akatikisa kichwa. Akasema: "Batoto, hii haiko Mario. Hii iko kivuli ya Mario."

Kijana mmoja akajibu: "Papa, ni bafle njo iko mubaya."

"Bafle iko mubaya, ndiyo. Lakini na wimbo yenyewe iko mugonjwa."

Watu wakacheka, matanga yakaendelea. Mimi maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Nina sababu yangu, na nitaisema huko chini. Kwanza, tumalizane na Mario.

Katika mji wetu kuna makundi mawili juu ya jambo hili. Wazee wanasema MP3 imeua muziki. Vijana wanasema ni wazee wanaolilia ujana wao, mafaili yako sawa kabisa. Nimekaa na makundi yote mawili, na naona kila moja limeshika mkia wa nyoka na kudhani limeshika nyoka mzima.

Siku ya pili nilimwomba diji anikopie faili lake. Nikalifungua kwenye ordinateri: MP3, kilobiti 64 kwa sekunde. Nikaenda kwa ndugu yangu mwenye CD ya Franco iliyotoka Kinshasa, nikautoa wimbo uleule. Nikapitia kabini moja ambako wanachaji simu na kujaza nyimbo kwenye karti memwari, nikapata nakala ya tatu. Ya nne niliichukua kwenye simu ya mwenzangu, ilikuwa imepita kwa watu wengi, mmoja akimtumia mwingine. Nikawa na Mario wanne.

Tufanye hesabu kidogo, si ngumu. CD inapima sauti mara 44,100 kila sekunde. Kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, na kuna njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha: unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, yaani kilobiti 1,411. "Mario" ni wimbo mrefu, karibu robo saa. Tuchukue robo saa kamili: kwa uzito wa CD, wimbo huo mmoja unakula karibu mega 159. Kwa MP3 ya kilobiti 128, unakula mega 14 na kitu. Kwa kilobiti 64, mega 7 tu.

Sasa ujiweke mahali pa kijana wa kabini. Mteja analeta karti ya giga 2. Kwa uzito wa CD, ataingiza nyimbo 12 za urefu huo. Kwa kilobiti 128, ataingiza karibu 140. Kwa 64, zaidi ya 270. Mteja analipa akiangalia idadi ya nyimbo, hana njia ya kuona ubora. Na umeme unaweza kukatika wakati wowote, kwa hiyo faili linalokopiwa haraka ndilo faili zuri. Kijana huyo si mjinga, na si adui wa muziki. Alifanya hesabu ileile ambayo mimi na wewe tungefanya. Kundi la wazee linamsahau mtu huyo. Wanamhukumu kama mwizi wa nyimbo, na bila yeye nusu ya mji tusingemjua Franco kabisa.

Lakini hizo biti zilizokosekana zilikwenda wapi? Hapo ndipo MP3 inakuwa kitu cha ajabu. Wahandisi wa Ujerumani, pale Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Karlheinz Brandenburg akiwa kati yao, walijenga kazi yao juu ya udhaifu wa sikio la mtu. Camion ikipita barabarani, humsikii jirani anayenong'ona karibu nawe. Mnong'ono upo hewani, lakini sikio limefunikwa. Sauti kubwa inaifunika ndogo iliyo karibu nayo kwa urefu wa mlio, na hata ile inayokuja mara tu baada yake. Basi wakasema: kama mtu hataisikia, kwa nini tuiandike? Programu inaukata wimbo vipande vidogo, kila kimoja sampuli 1,152, kama milisekunde 26 hivi. Inajiuliza ndani ya kila kipande sikio litasikia nini, inayatunza hayo kwa uangalifu, na mengine inayaandika ovyo au inayatupa. Kanuni yenyewe ilikubaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na jina la ".mp3" walilichagua mwaka 1995.

Inasemwa sana, na Brandenburg mwenyewe ameieleza, kwamba walipima kazi yao kwa wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", sauti ya mwanamke peke yake bila chombo chochote. Mwanzoni sauti hiyo iliharibika vibaya, wakarekebisha, wakasikiliza tena, mara nyingi sana. Miaka mingi baadaye Mmarekani mmoja, Ryan Maguire, akafanya kinyume: alichukua wimbo huohuo, akakusanya yale ambayo MP3 inayatupa, akatengeneza muziki kwa takataka hizo. Ukisikiliza, ni kama mtu anaimba nyuma ya ukuta ndani ya ndoto.

Haya. Turudi kwa Mario wetu.

Kwenye CD, jambo la kwanza linalonigusa ni nafasi. Magita yanasukana kama nywele, lakini unaweza kufuata uzi mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kuupoteza. Bezi iko chini, inatembea bila haraka. Matoazi ya mpiga ngoma yana mwanzo na yana mwisho: "tsi", halafu hewa. Franco anapoacha kuimba na kuanza kusema, unasikia mdomo wake uko karibu na mikro. Ni mtu anayekuja kukaa kwenye kiti chako na kukuuliza: na wewe, Mario, utaamka lini?

Kwenye kilobiti 64, maneno yote yapo. Hakuna neno hata moja lililopotea. Mtu anayetaka hadithi ataipata yote. Lakini matoazi yamekuwa maji: hayasemi "tsi", yanasema "shwishwi", yanazunguka kama mchanga ndani ya sufuria. Sauti za juu zimekatwa, kwa kawaida kuanzia hertzi 11,000 hivi kwa faili la namna hiyo. Magita yanapokutana na tarumbeta, uzi niliokuwa naufuata unakatika, unajificha, unarudi mahali pengine. Na mpigo mkali wa ngoma una ukungu kidogo mbele yake, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kupiga. Ukungu huo una sababu: kosa la kipande linatawanyika ndani ya kipande kizima, hata sehemu iliyotangulia mpigo.

Mario wa kabini alikuwa na kichekesho chake. Jina la faili lilisema kilobiti 320, uzito mkubwa. Nikafurahi. Nikasikiliza, nikakuta maji yaleyale kwenye matoazi. Kumbe mtu alichukua faili dogo akaliandika upya kwa kilobiti 320. Wandugu, hilo ni sawa na kumwaga glasi moja ya maji ndani ya ndoo kubwa na kudai una ndoo ya maji. MP3 ikishatupa, imetupa. Namba kubwa inayoandikwa baadaye hairudishi kitu. Tena kila unapoandika upya, programu inahukumu mara ya pili juu ya hukumu ya kwanza, na makosa yanapandana. Mario wa nne, yule aliyepita kwenye simu nyingi, alikuwa na ugonjwa huo: sikuweza kumsikiliza mpaka mwisho.

Mpaka hapa wazee watafurahi. Wangoje kwanza.

Tulikusanyika watu wanne kwenye chumba cha mwenzetu, komini ya Makiso. Kutoka CD ileile nilitengeneza mafaili: moja la uzito wa CD, moja la 320, moja la 128, moja la 64. Nililinganisha ukubwa wa sauti, juu sikio linapenda kinacholia kwa nguvu na kukiita kizuri. Nikaficha majina, kila mtu akavaa ekuteri zilezile. Hakuna hata mmoja aliyeweza kutofautisha 320 na CD. Mmoja tu, anayepiga gita kanisani, aliitambua 128 mara kwa mara, kwa kusikiliza matoazi. Ile ya 64 tuliikamata wote. Mimi niliyetengeneza mafaili, nikiwa na hakika ya masikio yangu, niliikosa 128 zaidi ya mara moja. Niliona haya. Nilikuwa tayari nimewaambia wenzangu kwamba MP3 yote ni uchafu.

Kwa hiyo neno "MP3 imeua muziki" si kweli. MP3 iliyotengenezwa vizuri, mara moja, kutoka chanzo kizuri, kwa biti za kutosha, inatosha kabisa kwa sikio la mtu wa kawaida na ekuteri za kawaida. Tatizo ni faili lililobanwa kupita kiasi, halafu likabanwa tena, halafu likatiwa kwenye bafle inayopiga makelele.

Bado nilitaka kumwelewa papa wa matanga. Nilimtafuta, nikamwekea ekuteri. Mnajua, umri unakula sauti za juu kwanza. Kijana anaweza kusikia mpaka karibu hertzi 20,000. Mtu wa umri wake hufika mbali kidogo tu na 10,000, na wengine hawafiki. Maana yake, sauti nyingi zilizokatwa kwenye faili la diji huyu papa hazisikii hata kwenye CD! Nilidhani nitamkamata. Nilimpa mafaili bila majina. CD na 128 akasema ni kitu kimoja. Ya 64 aliiondoa sikioni kabla dakika haijaisha.

"Papa, umesikia nini?"

"Mutoto yangu, siko nasikia nini inakosa. Minajua ile gita ya pili inakaa wapi. Hapa haikai. Inatembea kama mulevi."

Niliandika maneno hayo kwenye kitabu changu. Tumezoea kuuliza sikio linafika hertzi ngapi, lakini mtu hasikilizi kwa sikio peke yake, anasikiliza pia na kumbukumbu. Papa huyu alikuwa na diski ya Mario nyumbani wakati sisi hatujazaliwa. Anaujua wimbo kama unavyojua giza la nyumba yenu: mtu akihamisha kiti, utajigonga. Kwa hiyo ubora unaosikika hauko ndani ya faili peke yake. Uko kati ya faili, chombo kinacholipiga, na yule anayejua nini kilipaswa kuwa pale. Kundi la vijana hapo ndipo wanapokosea. "Mimi sisikii tofauti" ni neno la kweli, lakini linaeleza habari za anayesikiliza kuliko habari za faili.

Sasa niseme sababu yangu, ile niliyoahidi.

Wengi wenu hapa mnajua niliandika TFC yangu juu ya lokole, ngoma ya mti yenye mdomo mrefu ambayo Walokele wa mtoni walikuwa wanaitumia kupeleka habari. Sisi wa Kisangani tuna bahati juu ya jambo hili. Chini kidogo ya mji, pale Yakusu, alikuja mmisionari Mwingereza, John Carrington, mwaka 1938. Alijifunza Kilokele, akajifunza na ngoma yenyewe, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema za Afrika. Mwaka 2011 mwandishi Mmarekani James Gleick alipoandika historia ndefu ya habari, kutoka maandishi mpaka kompyuta, sura yake ya kwanza aliifungua kwa ngoma hizo. Yaani historia ya intaneti inaanzia karibu na kwetu, na wengi wetu tunapita pale na mashua bila kujua.

Carrington alionyesha hivi. Kilokele ni lugha ya toni: neno likipanda au kushuka, maana inabadilika. Kuna sentensi moja ambayo, kwa toni moja, inasema mtu aliangalia ukingo wa mto. Ukikosea toni, umesema alimpika mama mkwe wake. Ngoma haina "a" wala "b" wala "k". Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Inatupa konsonanti zote na vokali zote, inabakiza toni na mdundo. Mnaona? Ni ubanaji wa sauti, tena mkali kuliko MP3 yoyote.

Lakini mpiga lokole alijua ametupa nini. Neno la mwezi na neno la kuku, kwenye ngoma, yanafanana kabisa: juu, juu. Kwa hiyo hapigi "mwezi" peke yake. Anapiga mwezi unaotazama dunia kutoka juu. Hapigi "kuku" peke yake, anaongeza maneno ya kumtambulisha kuku kwa mlio wake. Anarefusha mpaka msikilizaji aliye mbali, katikati ya upepo na maji, asiweze kukosea. Mwaka 1948, Claude Shannon kule Marekani aliweka kwenye hesabu kitu hicho: habari inayopita kwenye njia yenye kelele inahitaji marudio ili ifike salama. Wazee wa mtoni walikuwa wameshaijua kwa mikono.

Kwa TFC yangu nilishuka mto kwenda kijiji kimoja, kwa mzee mmoja kati ya wachache waliobaki wanaojua kupiga. Asubuhi, ukungu bado uko juu ya maji, alinipigia. Niliweka simu juu ya kiti, nikarekodi. Alipiga habari ya mgeni aliyefika kutoka mjini, yaani mimi. Akanyamaza kidogo, akaanza tena. Na wakati anapiga mara ya pili, kutoka ng'ambo ya mto, mbali sana, ngoma nyingine ikajibu. Sikuiamini. Alitabasamu bila kusimamisha mikono. Ngoma mbili zikawa zinasema kwa wakati mmoja, moja mbele yangu, moja ng'ambo, na nilizisikia zote mbili, kila moja mahali pake.

Simu ilikuwa karibu kujaa. Mwenzangu wa TFC alihitaji sauti hiyo jioni ileile, na mega za kutuma faili kubwa hatukuwa nazo. Basi nilifanya ujinga ambao kila mmoja wenu ameshaufanya. Nilicheza rekodi kwenye simu yangu, nikaweka simu ya pili karibu, nikarekodi noti vokali, nikaituma. Ilikuwa ndogo, ikaenda mara moja. Wiki mbili baadaye simu yangu ya kwanza ikaanguka majini pale bandarini. Faili la kwanza likaenda nayo.

Sitaki kuilaumu programu ya ujumbe. Noti vokali nyingi za leo hutumia kodeki inayoitwa Opus, iliyokubaliwa kama kanuni mwaka 2012, na ni kazi nzuri sana. Kwa kilobiti chache tu inafikisha maneno ya mama yako wazi kutoka Bunia mpaka Kisangani. Lakini noti vokali imetengenezwa kwa kazi hiyo: mdomo wa mtu mmoja, karibu na mikro. Njia ya sauti ni moja, hakuna kushoto wala kulia. Na simu nyingi zina programu ya kuondoa kelele za nyuma, mvua, upepo, motokari, ili mdomo usikike.

Nilipofungua noti hiyo kwa kazi, lokole la mzee lilikuwepo. Toni ya juu, toni ya chini, mdundo, vyote vizima. Mtu anayejua Kilokele aliweza kunitafsiria habari yote bila shida. Mti ulikuwa umepungua, ulisikika kama sanduku la karatasi, lakini ujumbe ulifika. Wazee walitengeneza lugha inayovuka kelele ya mto, na imevuka hata kodeki.

Ngoma ya ng'ambo haikuwepo.

Nilitafuta. Niliongeza sauti, nikakata sauti za chini, nikatazama picha ya mawimbi sekunde kwa sekunde kwenye Audacity. Mahali nilipojua kwamba ilijibu, palikuwa na ngoma ya mzee tu, na kati ya mipigo yake ukimya msafi kabisa, ukimya ambao hakuna mto unaoweza kuwa nao. Na nikitazama kanuni, naona kila hatua ilifanya kazi yake sawasawa. Sauti ndogo, ya mlio uleule, chini ya sauti kubwa: imefunikwa, haitasikika, itupwe. Sauti ya mbali inayodumu nyuma: ni kelele, ifutwe. Pale mtoni niliisikia kwa sababu nina masikio mawili, na masikio mawili yanatenganisha kinachotoka mbele na kinachotoka ng'ambo. Njia moja haina ng'ambo.

Mzee alifariki kabla sijamaliza kuandika. Nilirudi kijijini kwa matanga yake. Niliuliza nani alijibu asubuhi ile. Wengine walitaja mtu aliyehama, wengine walisema labda nilisikia mwangwi. Kwenye TFC niliandika kwamba ngoma ya pili ilijibu, lakini sina cha kumwekea mtu sikioni. Mwalimu aliyesoma kazi aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: uthibitisho uko wapi? Alikuwa na haki.

Kwa hiyo nikisikia mabishano ya kilobiti, 128 au 320, MP3 au kitu kingine, sijali sana tena namba. Kila ubanaji ni hukumu juu ya kitu ambacho msikilizaji hatakihitaji. Kwa Mario, hukumu hiyo tunaweza kuivumilia, juu chanzo kipo. Franco amekufa tangu 1989, lakini diski yake iko Kinshasa, iko Paris, iko Brussels. Siku ukipata mega za kutosha utaufuata uzi wa gita ya pili tena. Kwa bibi yako anayesimulia, kwa mzee wa lokole, kwa wimbo wa mavuno ulioimbwa mara moja jikoni, wewe ndiwe chanzo. Hakuna diski mahali pengine. Ukitupa, umetupa kwa niaba ya watu wote watakaokuja.

Na kosa jingine ni kudhani tunajua mapema kipi ni muhimu. Mimi nilikwenda kurekodi mpiga ngoma mmoja. Sikujua kwamba kitu kikubwa cha asubuhi ile kitakuwa ni ile sauti ndogo ya nyuma. Muziki wetu wenyewe umejaa vitu ambavyo mashine inaweza kuviita kelele: pete za chuma zinazotetemeka kwenye likembe, njuga miguuni, watu wanaoitikia kutoka mbali. Mtengenezaji wa likembe anaweka pete hizo kwa makusudi. Programu ya kuondoa kelele haikuulizwa, na yeye hakuulizwa pia.

Najua mtaniambia: yaya, karti ni bei, mega ni bei, simu zetu ni ndogo. Ni kweli, na simu yangu mimi si kubwa kuliko zenu. Lakini kuna vitu visivyodai pesa nyingi. Kabla ya kurekodi mzee, toa picha na video zilizojaza simu. Kwenye programu ya kurekodi, tafuta mahali pa kuchagua ubora, chagua wa juu, na kama kuna stereo, iweke. Zima kuondoa kelele kama simu inaruhusu. Ukitaka kutuma, tuma faili lenyewe kama hati, usirekodi simu kwa simu kama nilivyofanya mimi. Ukitaka nakala ndogo ya kusikiliza njiani, itengeneze kutoka faili kubwa, na faili kubwa lisiguswe. Halafu kabla hujavuka mto, kopia kwenye flashi mbili, moja yako, moja ya mwingine. Rekodi ya nusu saa kwa uzito kamili wa CD ni kama mega 318. Flashi ya giga 4 inaingiza kumi na mbili. Ni wazee wangapi uliopanga kuwatembelea mwaka huu?

Papa wa mashua bado anakaa Mangobo. Nilimpelekea Mario wa 128, juu ya karti yake. Jumapili nilipita kwake, nikamkuta amekaa nje, macho amefumba, kidole kinapiga goti. Sikumsalimia mpaka wimbo ukaisha. Akafumbua macho, akasema: "Sasa inakaa mahali yake." Halafu akaniuliza kama nimeshapata kazi, na wote wawili tukacheka juu tulijua ametoa wapi swali hilo.

Noti vokali ya lokole bado ninayo. Wakati mwingine usiku naisikiliza, na kila nikifika sekunde ile napunguza pumzi na kungoja jibu kutoka ng'ambo.